Jinsi ya kuunda kirusi cha kamba kwa manila, protini zote 180

Wanafunzi wangu wengi hapa Dodoma hawajawahi kumwona kamba akiwa hai. Perege wa Mtera na Hombolo wanawajua, dagaa wanawajua, ila kamba ni mnyama wa Pwani anayeonekana kwenye picha. Hata hivyo, nikifika kwenye muundo wa virusi, cha kamba ndicho ninachokichagua, na sababu ninazo. Tangu mwaka 2020 ukimwambia mtoto achore kirusi anakuchorea korona: duara, miiba myekundu, basi. Muulize miiba ni mingapi na imekaa wapi, ananyamaza. Hiki cha kamba kinajengeka chote kwa manila na mkasi, protini kwa protini, na hesabu inatoka bila kudanganya popote. Korona huwezi kuifanyia hivyo mezani.

Kwa kifupi kinaitwa MrNV, na kimo katika jamii ya nodavirusi. Kinamshambulia kamba mkubwa wa maji baridi, Macrobrachium rosenbergii, anayefugwa sana Asia. Ugonjwa wake ulionekana mara ya kwanza mwaka 1997 kwenye kisiwa cha Guadeloupe, baadaye China, India, Thailand, Australia na kwingineko. Nyama ya mkia wa kamba mchanga hupoteza uangavu wake ikawa nyeupe, na vifaranga wa bwawa zima wanaweza kufa ndani ya siku chache. Wakubwa mara nyingi hawaonyeshi dalili yoyote, lakini wanakibeba na kuwaambukiza watoto wao. Binadamu hakimpati. Liseme hilo mapema, maana kuna mtoto atauliza kama kamba wa hotelini ataleta shida.

Kipimo kwanza

Usikate kitu kabla ya kukubaliana na darasa kuhusu kipimo. Sisi tunatumia milimita 6 kwa kila nanomita 1. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, kwa hiyo tunakikuza kirusi mara milioni 6. Ganda lake lina upana wa nanomita 30 hivi, na ukihesabu miiba linakaribia 40. Mpira wetu utakuwa na sentimita 17 bila miiba, 23 ikiwemo. Unashikika kwa mikono miwili.

Kisha waambie wamkuze na kamba mwenyewe kwa kipimo hichohicho. Kamba wa sentimita 20 anakuwa na urefu wa kilomita 1,200. Hiyo ni takribani barabara yote kutoka Dar es Salaam, upite hapa Dodoma, Singida, Shinyanga, mpaka Mwanza. Waache wabishane na hesabu ubaoni. Kipindi hakipotei kwa hilo.

Vifaa

Manila mbili za rangi nyeupe, rula, bikari, mikasi, kalamu za rangi nyekundu, buluu na kijani, selotepu kidogo, na mita 13 na ushee za uzi wa kufumia sweta. Uzi uwe wa rangi mbili. Gundi nyeupe ya seremala ndiyo nzuri kuliko zote. Kikopo kidogo kinatosha darasa zima. Gundi ya unga wa ngano inashika vizuri pia na haina gharama, ila panya wa stoo ya shule wanaipenda, nitalirudia hilo. Gundi ya maji ya kwenye vichupa vya wanafunzi siipendi kwa kazi hii: miezi ya upepo, Julai na Agosti, hewa ya hapa ni kavu mno, inakauka juu kabla hujabandika na ukikunja inaachia.

Chukua kipande cha boksi utengeneze patani moja. Chora mstari wa sentimita 9. Fungua bikari sentimita 9, weka ncha mwisho mmoja wa mstari uchore tao, hamia mwisho wa pili uchore tao jingine. Yanapokatana ndipo kona ya tatu. Umepata pembetatu yenye pande sawa. Kila upande uongeze ulimi wa sentimita 1 wa kupakia gundi, na pembe za ulimi uzikate mshazari ili zisigongane. Sasa patani hiyo izungushiwe penseli kwenye manila mara 20.

Najua vitabuni wanaelekeza kuchora pembetatu zote 20 zikiwa zimeungana kwenye karatasi moja halafu ukunje. Inafanya kazi, tena ni haraka, na kama unataka pambo la mezani fanya hivyo. Mimi sifanyi. Karatasi iliyoungana tayari inaamua yenyewe kipi kinakaa jirani na kipi, mwanafunzi anakunja tu. Kirusi hakina karatasi iliyoungana. Kina vipande vilivyotapakaa ndani ya seli, vyote vya aina moja, na kila kipande lazima kipate jirani yake chenyewe. Pembetatu 20 zinazofanana kabisa, kila moja na ndimi zake tatu, ziko karibu zaidi na ukweli huo.

Kuzigawa na kuzipaka rangi

Hapa usiharakishe. Kila upande wa pembetatu weka alama kwenye sentimita 3 na sentimita 6. Unganisha alama hizo kwa mistari inayolingana na pande. Utapata pembetatu ndogo 9, kila moja sentimita 3 kwa 3 kwa 3. Kila pembetatu ndogo ni protini moja. Tisa mara 20 ni 180, na hiyo ndiyo idadi halisi ya protini kwenye ganda la kirusi hiki.

Sasa rangi. Pembetatu ndogo tatu zilizo kwenye kona ziwe nyekundu. Zinazobaki ni sita, na zimezunguka kitovu. Kati ya hizo sita, tatu zinagusana ubavu kwa ubavu na nyekundu: hizo zipakwe buluu. Tatu nyingine zinakaa katikati ya kila upande wa pembetatu kubwa: hizo kijani. Ukimaliza, kuzunguka kitovu rangi zinapishana buluu, kijani, buluu, kijani.

Wataalamu wanaziita A, B na C, nyekundu ikiwa A, buluu B, kijani C. Wanafunzi watadhani ni protini tatu tofauti. Wazuie hapohapo. Ni protini ileile moja, mnyororo wa asidi amino 371, iliyoandikwa na jeni moja. Kinachotofautiana ni mahali ilipokaa na namna ilivyojipinda kidogo ili iendane na majirani. Mimi huwaambia wapake rangi juu ya karatasi moja nyeupe, wasikate karatasi za rangi tatu, kwa sababu hiyohiyo.

Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya 60, jambo ambalo kwa kawaida ni mzigo. Kwa kazi hii ni neema. Makundi 20 ya watu watatu, kila kundi pembetatu moja, na kila mtu ndani ya kundi anashika rangi yake. Kila mwanafunzi anakuwa na protini tatu mkononi. Hakuna anayekaa kutazama.

Tano, siyo sita

Kabla ya kubandika chochote, yaombe makundi sita yaje mbele na pembetatu zao, ndimi zikiwa zimekunjwa kwa ndani. Waambie wakutanishe kona zote sita mahali pamoja mezani. Zitakaa, zitajaa, na zitalala bapa kabisa. Kila kona ina nyuzi 60, mara sita ni 360, duara limejaa. Hapo huna mpira, una meza.

Toa moja. Zibaki tano, uvute zifunge ile nafasi iliyoachwa. Karatasi inainuka yenyewe, inakuwa kichuguu. Mwaka jana binti mmoja wa meza ya mbele alipoiona ikiinuka akaniuliza, "Madam, nani anaiambia iwe tano?" Ni swali zuri kuliko yote yanayoulizwa siku hiyo, na somo zima linaning'inia hapo.

Jibu ni kwamba hakuna anayeiambia. Protini zinaelea kwenye saitoplazimu, ule ute wa ndani ya seli, zinagongana, zinaachana, zinagongana tena. Zile zinazokutana kwa upande unaofaa zinashikana. Tano zikizunguka sehemu moja zinapinda, na mpindo huo unaamua kipande kinachofuata kitaingilia wapi. Mwishoni nafasi zinajifunga kwa kuwa hakuna namna nyingine ya kukaa kwa utulivu. Mwaka 2011 watafiti wa Malaysia walionyesha hivyo waziwazi: jeni ya protini hii moja waliitia ndani ya bakteria wa kawaida wa maabara, E. coli. Bakteria wakaitengeneza, na protini zikajipanga zenyewe kuwa mipira inayofanana na kirusi. Hakukuwa na kamba pale, wala jeni nyingine ya kirusi.

Sasa bandikeni. Anzeni na tano za juu: pakeni gundi kwenye ndimi, ulimi kwa ulimi, zote zikiingia ndani, mshike mpaka muhesabu ishirini. Tengenezeni kichuguu cha pili cha tano zingine. Kumi zilizobaki zinaunganishwa mkanda, moja kichwa juu, inayofuata kichwa chini, mkanda ufungwe uwe pete. Kichuguu kimoja juu ya pete, kingine chini, ila pembetatu moja iacheni isibandikwe. Huo ndio mlango.

Ukiugeuza mpira mkononi utaona kitu ambacho hukukichora kwa makusudi. Kila kona nyekundu tano zimekutana zikatengeneza pembetano, na kona ziko 12. Katikati ya kila pembetatu kuna pembesita ya buluu na kijani, nazo ziko 20. Ni mpira wa miguu ule wa zamani wenye madoa meusi, pembetano 12 na pembesita 20. Wavulana wa nyuma wataligundua kabla yako. Hesabu ya kuhakiki: 12 mara 5 ni 60, 20 mara 6 ni 120, jumla 180.

Miiba

Kata vibanzi vya manila 90, upana sentimita 1, urefu sentimita 8. Kunja katikati, halafu kila mwisho ukunje sentimita 1 kwa nje iwe unyayo. Kinasimama kibanzi chenye mabapa mawili yaliyoegemeana, kimo sentimita 3, miguu miwili. Kwa kipimo chetu sentimita 3 ni nanomita 5.

Mwiba wa MrNV uko hivyo: bapa, siyo duara lenye kichwa kama la korona kwenye mabango, na unatengenezwa na protini mbili. Kila protini ina sehemu inayolala kwenye ganda na sehemu inayochomoza nje, na zile zinazochomoza zinaegemeana mbilimbili. Ndiyo maana miiba ni 90 na siyo 180.

Pa kuibandika panajionyesha. Kila mpaka kati ya nyekundu na buluu unachukua mwiba mmoja, mguu mmoja huku, mwingine kule. Mipaka hiyo ni mitatu kwa kila pembetatu kubwa, jumla 60. Kisha tazama kwenye mikunjo, mahali pembetatu mbili kubwa zilipokutana: kijani ya huku inagusana na kijani ya kule. Pale pia mwiba mmoja. Mpira una mikunjo 30, miiba 30. Sitini na thelathini, tisini. Ile sitini ni rahisi kubandika pembetatu zikiwa bado bapa mezani, kama mna subira ya kungoja zikauke. Ile thelathini haiwezekani mpaka mpira ufungwe, maana inakaa juu ya mkunjo wenyewe.

Picha za karibu za miiba hii zimepatikana miaka ya 2010 kuelekea mwishoni, kwa hadubini ya elektroni na sampuli zilizogandishwa ghafla. Vitabu tulivyo navyo shuleni ni vya zamani kuliko hizo picha, kwa hiyo mwanafunzi akikuletea mchoro wa duara tupu usimnyime maksi.

Uzi wa ndani

Kirusi hiki hubeba RNA mbili, yaani nyuzi mbili zenye maagizo ya kukijenga. Ya kwanza ina herufi karibu 3,200, na inaagiza kimeng'enya cha kunakili RNA. Ya pili ina herufi karibu 1,200, na inaagiza ile protini ya ganda. Ukiinyoosha RNA, herufi moja inachukua kama nusu nanomita, yaani milimita 3 kwa kipimo chetu. Kwa hiyo uzi wa rangi ya kwanza kateni mita 9.6, wa pili mita 3.6.

Wapeni watoto wawili washike ncha za ule mrefu wautandaze darasani. Utatoka ukutani mpaka mlangoni, kwenye vyumba vingine utapitiliza hadi barazani. Halafu waambie uingie wote ndani ya ule mpira. Watacheka. Unaingia, lakini ukiukusanya vizuri, siyo kuusukuma tu.

Mkia wa kila protini, ule wa mwanzo wa mnyororo, unaelekea ndani ya ganda na umejaa asidi amino aina ya ajinini yenye chaji chanya. RNA ina chaji hasi. Basi mikia inaishika RNA na kuivuta ukutani, na ganda na uzi vinasaidiana kukusanyika. Kwenye mpira wetu tunabandika vijikaratasi vyembamba vitatu ndani ya kila pembetatu, ingawa haki yake ni tisa, kisha uzi tunaupitisha ukigusa vijikaratasi hivyo kabla haujajikunja katikati. Ukishaingia wote, mlango unafungwa kwa selotepu ili uweze kufunguliwa na darasa lijalo.

Kalisi

Kwenye mipaka baina ya protini zinakaa ayoni (chembe zenye chaji) za kalisi, yaani kalsiamu, na hizo zinasaidia kuzishikiza. Maabara wamefanya hivi: wakaipora mipira kalisi yake kwa kemikali, pamoja na kukata vifungo vya salfa, mipira ikasambaratika. Wakairudisha kalisi, mipira ikajijenga upya, safari hii ikiwa imefungia ndani DNA waliyoitaka wao. Ndiyo sababu wapo wanaotamani kuutumia mpira huu kubebea dawa au chanjo. Kwenye kielelezo tunaweka nukta za kalamu nyeusi kwenye zile alama za sentimita 3 na 6 pembeni mwa mikunjo. Nukta hazionyeshi mahali kamili pa ayoni, zinamkumbusha mtoto tu kwamba gundi ya kirusi ni chumvichumvi inayoweza kutoka na kurudi.

Kikimaliziwa

Kundi litakalomaliza mapema lipe kazi ya pili. MrNV mara nyingi hutembea na kirusi kingine kidogo zaidi, XSV, chenye upana wa nanomita 15 tu na RNA ya herufi 800 hivi. Hakina kimeng'enya chake cha kujinakili, kinategemea cha mwenzake. Kwa kipimo chetu ni mpira wa sentimita 9. Kateni pembetatu 20 za sentimita 4 na milimita 7, na uzi wa mita 2.4. Msiigawe rangi, iacheni nyeupe.

Kuna atakayesikia habari za kirusi cha madoa meupe, WSSV, ambacho kimewatia hasara wafugaji wa kamba wa baharini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2011 kikafika mashamba ya jirani zetu Msumbiji. Atataka mkitengeneze. Mkatalie kwa hesabu. Kina umbo la yai refu, urefu wa nanomita 300 hivi na unene wa 100, tena kina utando wa mafuta na kijimkia. Kwa milimita 6 kwa nanomita mtahitaji kielelezo cha mita 1.8, kirefu kuliko mwalimu, na uzi wa DNA wa mita 600. Chenyewe kinajengwa ndani ya kiini cha seli, siyo kwenye saitoplazimu, na ganda lake la ndani ni pete zilizopangwa moja juu ya nyingine. Manila haitoshi.

Kuhusu kutunza: mpira uning'inizwe darini kwa uzi, usiwekwe juu ya kabati. Juu ya kabati vumbi la Dodoma linajaa katikati ya miiba na halitoki hata ukipuliza, na kama mlitumia gundi ya unga panya wataanza na mikunjo. Miiba ya kijani, ile ya kwenye mikunjo, ndiyo inayong'oka kwanza. Kateni vibanzi kumi vya akiba mviweke ndani ya bahasha pamoja na patani.